Nyundo ya Kamate

Wakati watu wote wa kilimani walikuwa wakizika mabati yao migombani, Kamate alikuwa anafukua ya kwake.

Thérèse alimwona kwa macho yake mwenyewe, kupitia upenyo wa ua. Jirani yake aliinama juu ya shimo, akatoa bati moja baada ya jingine, akayapangusa udongo kwa kiganja. Kisha akapanda juu ya vyumba viwili vipya alivyoongeza upande wa jikoni, akaanza kugongelea misumari. Ko! Ko! Ko! Mlio ulishuka hadi barabara ya Goma, ambako watu walipita wakisukuma chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizobebeshwa magodoro, masufuria na vikongwe wasioweza kutembea.

Hapa kila mtu anajua habari ya bati. Vita vilipita mara mbili, na mara zote mbili waporaji walivua mapaa kama mtu anavyomenya ndizi. Tangu hapo, bunduki zikisikika upande wa Rumangabo, unashusha paa lako, unalizika, ndipo unakimbia. Basi anayefukua, tena akaongeza na vyumba, anajua kitu ambacho wengine hawakijui. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Huyu ameongea na wenye bunduki," Thérèse alijisemea.

Na ule moto je? Kila asubuhi Henriette, mke wa Kamate, alikuja na kigae mkononi.

"Mama Aubin, ungali? Unipatie kamoto."

Thérèse alimpa makaa mawili, matatu, huku akimtazama kwa jicho la pembeni. Jikoni kwa Henriette moshi ulikuwa umeshatoka zamani. Mtu anaombaje moto na chungu chake kinachemka? Tena hakuondoka bila kuuliza.

"Aubin anasema nini?"

Aubin, mwana wa Thérèse, alikuwa askari wa serikali, na kilima kizima kilijua. Swali la mpelelezi hilo, ili jibu likafikishwe kwa waasi huko msituni! Kwa hiyo Thérèse alimpa jibu lile lile, siku zote, kwa uso mkavu.

"Alipiga jana. Anasema huku hakuna mambo."

Uongo mtupu. Simu ya Aubin ilikuwa kimya tangu maharagwe yalipopandwa, na sasa yalikuwa na maganda. Lakini nani atafungua moyo wake mbele ya mwanamke anayeomba moto alionao? Tena, tuseme ukweli, kulitamka tu neno lile kulimpa Thérèse usingizi.

Mzigo wake alikuwa ameshaufunga, ukakaa nyuma ya mlango: sufuria, kitenge, nguo za Charline. Charline ndiye mjukuu wake, na ndiye sababu ya kusitasita kwake. Mama wa mtoto huyo walimzika kwenye kambi ya wakimbizi, vita vilivyopita, chini ya mawe ya volkano, kwa sababu udongo wa kuchimba haukupatikana. Aliogopa bunduki, ndiyo. Ila kambi aliiogopa zaidi.

Nyirakamana wa kule juu alipita na mbuzi wake, akamwita kutoka njiani.

"Mama Aubin, twende! Unangoja nini?"

"Nitakuya," Thérèse alijibu.

Alikuwa anangoja nyundo inyamaze. Ndiyo hesabu aliyoifanya kichwani: Kamate akiendelea kujenga, vita haviji; Kamate akishuka kutoka paani, yeye anamfunga Charline mgongoni. Alimchukia mtu yule kwa moyo wote, na alimsikiliza kama watu wanavyosikiliza redio. Msaliti naye ana faida yake.

Hivyo kilima kikabaki na nyumba mbili tu zinazotoa moshi. Upande wa Kamate walipiga lipu, wakapaka rangi ya bluu mlangoni. Henriette alifagia baraza mpya huku akiimba, na Thérèse alisonya kila wimbo ulipoanza.

Siku ya soko, soko ambalo halikuwa na mtu, bomu lilianguka ng'ambo ya bonde. Thérèse alimshika Charline, akatega sikio. Kimya. Halafu: ko! ko! Akashusha pumzi, akarudi kuchambua maharagwe. La pili lilianguka karibu zaidi, kuta zikatikisika, kuku wakaruka. Alitega sikio tena.

Nyundo haikulia.

Alimfunga Charline mgongoni, akachukua mzigo. Lakini njia za kukimbilia zilikuwa mbili, na mwenye kujua ipi iko salama alikuwa pale pale, nyuma ya ua. Hasira ikamshinda hofu. Akapenya uani kwa jirani kwa mara ya kwanza tangu wamwage msingi.

Kamate alikuwa juu ya paa, misumari mdomoni, nyundo imening'inia mkononi. Henriette alisimama chini ya ngazi na ufagio wake.

"Papa Kamate!" Thérèse alipaza sauti. "Leo utaniambia ukweli. Nani alikuambia vita haitafika huku?"

Mume na mke wakatazamana.

"Nani?" Henriette alisema polepole. "Si ni wewe, Mama Aubin! Mutoto wako iko mu jeshi. Kama vita inakuya, mama yake atabakia? Kila asubui nilikuwa nakuya kuomba moto, nione kama ungali. Tulisema: siku moshi ya Mama Aubin itakosa, na siye tunakimbia."

Bunduki zilianza kulia, safari hii upande wa chini, kwenye barabara ya Goma. Kamate alitema misumari kiganjani, akainama ukingoni mwa paa lake jipya, na sauti yake ilikuwa ya heshima, ya mtu anayemwomba mkubwa wake.

"Na leo, Mama? Leo Aubin amesema nini?"