Mgombea Asiye Mkwe

Karani Silasi alipuliza kipenga, na hakuna mwanachama hata mmoja aliyesogea.

"Jamani, nimesema kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka! Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, anataka jina la mwenyekiti bomani kabla ya adhuhuri. Mkizubaa, naandika Bernardo."

Eustadia, katibu wa Makao ya Wanyama ya Kanyenye, aliwakazia macho wanachama mmoja mmoja. Kwa miaka sita alikuwa akiokota mbwa wenye upele, paka vilema na kila kiumbe kilichotupwa kando ya njia ya zamani ya misafara. Bernardo alishatangaza kwamba akiwa mwenyekiti, wote wataishia kwa mnunuzi wa ngozi, na kiwanja kitalimwa karanga.

Hakuna aliyemtaka Bernardo. Lakini mzee huyo alikuwa na mabinti tisa, na alikuwa amewaozesha Kanyenye nzima. Karibu kila mwanachama alikuwa mkwe wake au ndugu wa mkwe wake. Nani katika nchi hii ya Unyamwezi atagombea cheo na baba mkwe wake hadharani? Hata kumtazama usoni ni aibu.

Ndiyo maana Eustadia alimsimamisha Luhende.

Luhende hakuwa mkwe wa mtu. Alikuwa mkongwe wa pale makaoni, aliyebeba chumvi ya Uvinza enzi za misafara mpaka reli ilipomnyang'anya kazi. Hakuwa mlevi wala msengenyaji, na katika mikutano yote hakuwahi kumkata mtu kauli. Asubuhi ile Silasi alimkagua, akaisoma katiba mara tatu, akakuna kichwa, akakiri kwamba hakuna kifungu cha kumzuia.

"Mzee wangu, leo usinitie aibu," Eustadia alimnong'oneza, akampa kipande cha muwa. Luhende akatafuna kimya.

Hapo Kornel, mkwe wa kwanza, akajifunika shuka hadi puani.

"Shikamoo, baba," alimwambia Bernardo huku akimpita mbio.

"Marahaba," Bernardo akaitikia kwa mazoea, kabla hajaelewa.

Kornel akasimama nyuma ya Luhende, hatua nne kamili, maana hasira za mkongwe yule zilijulikana. Mkwe wa pili akafuata. Shikamoo, baba. Marahaba. Wa tatu, wa nne, kisha shemeji, binamu na majirani, vumbi likitimka na wanawake wakipiga vigelegele. Bernardo aliitikia marahaba kumi na tisa mpaka sauti ikamkauka.

"Nyie wakwe gani? Mnanipinga mimi kwa ajili ya huyu?"

"Hatukupingi, baba," Kornel alijibu, macho chini. "Tumesimama tu."

Nyuma ya Bernardo alibaki mkewe Veneranda peke yake, naye alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka. Eustadia alirukaruka kama mtoto. Hakujali nani anamwona.

Silasi akahesabu, akamtangaza Luhende mwenyekiti, akamsogezea karatasi ya bomani.

Mwenyekiti mpya akainusa, akaitafuna yote pamoja na muhuri, kisha akarusha kwato zake za nyuma na kulia kwa furaha kama punda mwingine yeyote.