Ubani wa Nyumba ya Kuang

Mama Kuang alikibamiza cheti cha dawa juu ya kaunta. Tabibu Tang akasoma mstari wa kwanza. Ubani. Mstari wa pili, manemane.

Kwa michubuko hakuna dawa inayoishinda hiyo. Huiamsha damu iliyovilia ikatembea, na uvimbe ukanywea. Ila mjamzito hapewi kamwe, maana damu ikishaamshwa hivyo mimba huweza kutoka nayo.

Na siku tatu tu zilizopita Peizhen, mke wa mtoto wa mama huyu, alikuwa amekaa mbele ya kaunta hiyo hiyo, mkono juu ya kimto cha kupimia mapigo. Mimba ya miezi miwili. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevilia damu, alama za vidole vinne.

"Usimwambie mtu wa nyumbani, Tabibu," alisihi akilia. Tang akamwapia.

"Anaumwa nani?" aliuliza sasa, akijifanya anatafuta miwani iliyokuwa puani.

"Mtu wa kwangu. Bega limeumuka kama mkate wa mvuke."

"Ameanguka?"

"Hakuanguka. Umekuwa polisi siku hizi?"

Alisema hayo bila kupepesa macho. Mtaa mzima uliujua ulimi wa Mama Kuang, na jana majirani walisikia vyombo vikivunjika kwake na mtu akipiga mayowe. Tang alimchukia mama yule.

Alivuta droo moja baada ya nyingine, akapima mizizi, akaimwaga kwenye karatasi. Droo ya ubani akairuka.

"Ubani umeniishia, Mama."

Mama Kuang alivuta hewa kwa pua. Nyuma ya pazia, ubani uliokaangwa kwa siki asubuhi ile ulikuwa bado unapoa kwenye karai, na duka zima lilinukia.

"Mzee Tang, mimi nimezeeka, pua yangu bado. Ulete. Tena zidisha, kipimo cha kawaida hakimtoshi huyu."

Azidishe! Akinyamaza, mtoto anakwenda. Akisema, amevunja kiapo, na binti wa watu atarudi kulala nyumba moja na mama huyu. Akikataa bila sababu, kuna duka jingine ng'ambo ya daraja, na mwenyewe haulizi maswali.

Alikikunja kile cheti, akakisukuma kwake.

"Siuzi."

"Husemi kweli."

"Siuzi! Mkweo ana mimba, Mama Kuang. Ukimnywesha hii unamuua mjukuu wako kwa mkono wako mwenyewe. Haya, nimesema. Nenda kanishtaki popote utakapo."

Mama Kuang alivuta kigoda, akaketi.

"Najua ana mimba," alisema. "Mwezi mzima sasa akinusa samaki anakimbilia uani, nitakosaje kujua? Ndiyo maana jana mwanangu alipomnyanyulia tena mkono, nilimshushia mti wa kusukumia tambi begani. Haya, mpimie dawa yake."