Mvua ya Tumu

Darasa la tano lilijifunza jiografia kwa sayari ya kubuni, iliyochorwa kwa wino kwenye karatasi ya manila ukutani. Kila mtoto alikuwa na kazi yake huko. Mvua ilikuwa mikononi mwa Tumu, binti wa Mwalimu Sikudhani.

Matanga ya Tumu yalianuliwa Jumapili. Jumatatu mama yake alisimama mbele ya darasa.

“Mwalimu, mashamba yetu yamekauka,” alisema Shomvi, mkulima wa sayari. “Tumekataa kumpa mtu mwingine mvua.”

“Haya,” alijibu, kwa sauti ileile ya kuita majina.

Alichovya vidole kwenye kikombe cha maji, wala hakuhisi ubaridi. Akanyunyiza. Mito ya wino ikaanza kutiririka kweli, ikapita mashamba, ikapita ukingo wa karatasi, ikashuka ukutani.