Saba ya Kizungu

Tiketi ya kuonja iliandikwa 7:00, basi Bi Radhia akamfikisha mumewe langoni saa saba mchana, amemvalisha koti la harusi ambalo vifungo vyake vilishagombana na tumbo. Gurudumu kubwa la bustani ya michezo, lile la kuzungusha watu hadi juu angani, lingefunguliwa mwezi ujao. Waliolipa zaidi walilipanda leo. Na jicho la Mzee Kombo, hilo moja lililobaki, daktari alishalihesabia wiki chache tu za kuona.

"Hiyo saba ya kizungu, mama," akasema Nyange, mwendesha gurudumu. "Ni saa moja asubuhi. Wenzenu wameshapanda, wameshashuka, wameshatapika."

"Mwezi ujao ataona nini, mwanangu? Mwache autazame mji wake mara moja tu."

"Ofisi haitaki, mama."

Bi Radhia akageuka amshike mumewe mkono, asimkute. Mzee alishapapasa njia, akaketi kwenye kiti cha gurudumu na kujifunga mnyororo.

"Kombo, shuka! Tutafukuzwa!"

"Sishuki. Mimi nimefika saa saba. Saa yao ndiyo imepotea."

Bi Radhia akapanda, akambana ubavuni. Nyange akaitazama ofisi, kidole juu ya swichi. Kiti kikatikisika. Kama ni upepo, kama ni mashine, Mzee hakuuliza. Alishalikodoa jicho lake.