Kalenda ya Kiwandani

"Hii kalenda uliyoniwekea, mwanangu, haijui kitu," mzee mshonaji alisema, akaisukuma simu juu ya kaunta ya kioo kama mtu anayerudisha shati linalombana kwapani.

Fundi simu, mwanamke wa makamo mwenye bisibisi nyuma ya sikio, hakuinua kichwa. "Haijui nini, baba?"

"Tarehe zangu."

Juzi tu simu hiyo ilikuwa imechoka, ukiigusa inafikiri kwanza. Mkewe ndiye aliyeshikilia ipelekwe kwa fundi. Fundi akaifuta yote, akaipandishia mfumo mwingine, mwepesi, wa watu wanaojitengenezea wenyewe. Simu ikarudi inakimbia. Lakini kalenda iliyozaliwa nayo kiwandani ikawa imeondoka, na mahali pake ikakaa nyingine, nyeupe, tupu kama daftari lisiloandikwa.

Mzee hakuiulizia kamera wala kikokotoo. Kalenda ndiyo iliyomtoa nyumbani mbio. Asubuhi ile, akimmiminia chai, mkewe alimwambia polepole, "Kesho ndiyo ile siku, mzee wangu. Najua hujasahau."

"Mimi? Nisahau?"

Alisema hivyo, na hakuwa na habari hata chembe.

Tangu simu hiyo iingie nyumbani, miaka sita sasa, mzee amekuwa na jina la kukumbuka. Kila asubuhi huingia nayo msalani, akitoka ana siku nzima kichwani: mjukuu gani anatimiza miaka mingapi, lini mama watoto anarudi kwa daktari wa meno, shemeji anafika kwa basi la saa ngapi. Kisha humgeukia mkewe, ambaye hata funguo hazimkai mkononi, na kumtania mpaka maji ya kuoga yapoe. Hata leo alimwacha bibi wa watu akipapasa miwani yake katikati ya vikombe. "Iko siku utakisahau kichwa kwenye mto," alimwambia, akavaa yake, akatoka.

Sasa kesho ikimkuta mtupu, jina lote limekwisha. Jumapili wakwe wanakuja, atakuwa kicheko cha meza nzima.

"Nirudishie ile ya kiwandani," alisema.

"Ya kiwandani haipatani na mfumo huu, baba. Ninazo nyingine, nzuri kuliko hiyo."

Akamwekea moja yenye rangi. Mzee akabonyeza siku ya kesho, akatazama. "Hii nayo mjinga." Akamwekea ya pili, inayoonyesha hadi umbo la mwezi. Mzee akabonyeza kesho. "Huyu ndiye hajui kabisa."

"Baba, unataka kalenda au unataka mganga?"

"Nataka ile iliyokuwa inajua."

Fundi akavuta pumzi. Akatoa kwenye droo simu nyingine ya aina ile ile, iliyopasuka kioo, akaichomoa kalenda yake, akaichomeka kwa mzee. Ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Akaenda kutafuta toleo la zamani zaidi, akaweka, akangoja huku akigonga kaunta kwa kucha. Mara ile alama yenye ukingo mwekundu ikatokea, ikakaa sawasawa.

Mzee alibonyeza kesho.

Tupu.

"Subiri," fundi alisema. "Tarehe zenyewe hazilali humu. Zinalala kwenye akaunti yako, na tangu juzi hujaifungua. Kumbe hata ile nyeupe ingezileta, mimi nimehangaika bure."

"Ile nyeupe? Sidhani."

"Akaunti alikufungulia nani?"

"Mama watoto."

"Basi neno la siri analo yeye. Mpigie."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Tangu asubuhi ilikuwa inambana masikioni. Kumpigia mtu yule yule unayemkimbia, kweli hiyo ni kazi. Alipiga, akajitia uchovu.

"Bibie, eti lile neno la siri la akaunti... huyu fundi anataka kulihakikisha tu."

Alijiandaa kwa maswali kumi. Hakuulizwa hata moja. Mkewe alimtajia herufi moja moja, taratibu, kama anamwandikisha mtoto imla, na fundi akaandika pembeni ya gazeti.

"Mwambie fundi asiharakishe," mkewe alimaliza. "Amfanyie mzee wangu kazi nzuri."

"Umeona mke huyo?" mzee alimwambia fundi baada ya kukata simu. "Hana habari ya lolote."

Fundi aliandika neno la siri. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha tarehe zikaanza kudondoka kwenye vyumba vyake, moja, mbili, saba, kama vifungo vinavyomwagika kutoka koponi. Mzee akacheka peke yake.

"Si unaona? Hii ndiyo kalenda. Imetoka kwao na akili zake."

Akaichukua simu, akasogea nayo mlangoni penye mwanga, akampa fundi mgongo ili asione asichokijua mtu mwenye jina la kukumbuka. Akabonyeza kesho. Safari hii palikuwa na maneno, tena mengi. Akaisukuma miwani juu ya pua, akasoma:

"Kesho hakuna kitu, mzee wangu. Kungekuwa na kitu ningekuandikia humu, kama ninavyokuandikia siku zote. Rudi na miwani yangu, yako iko hapa karibu na birika."