Mume wa Bibi

Kamera ya michango iko ukutani, juu ya kitanda cha mwanangu Shomari. Watu humtazama kwenye simu zao na kuchanga. Akicheka tu, michango inafungwa siku nzima, maana sheria inasema anayecheka hajazidiwa. Na huko India, ini la kumpandikiza halitamngoja.

Kwa hiyo mama mkwe alipopiga hodi, nilimzuia mlangoni.

"Mama, leo utani hapana. Juzi ulimwita Shomari mume wako, akacheka, tukafungiwa."

"Sasa nimwiteje mjukuu wangu?"

"Jina lake."

Akaingia, akaketi kitandani. Shomari alimtazama, uso umeshaanza kuchangamka, akingoja bibi amdai doti ya kanga kama kawaida yao.

"Shomari," bibi akasema, "hujambo?"

Mtoto akanitazama mimi, kisha akamgeukia tena.

"Bibi, hunitaki tena?"

Machozi yakamtoka. Taa ya kamera ikawa ya kijani, michango ikamiminika kuliko siku zote. Bibi akanyoosha ncha ya kanga amfute.

Nikamshika mkono.

"Mwache kwanza, mama."