Nati ya Karibu na Mlango

Nati ilikuwa imelegea tena, ile ile ya karibu na mlango.

Kerosi alipiga magoti kando ya injini ya posho mili, mashine ya kusagia mahindi, akaizungusha nati kwa vidole viwili, ikaja kama kifuniko cha chupa. Zile tatu nyingine hazikutikisika. Alipapasa zege kuzunguka bolti akitafuta ufa, asiuone. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Pole na safari, fundi," alisema Rael, mwenye mashine, akiwa amesimama mlangoni. "Hii mashine inakusumbua sana."

"Si mashine, Mama Jared. Ni mimi."

Wala hakujua alikosea wapi. Msingi huo aliujenga mwenyewe hapa Oyugis, mwaka wa pili wa Jamhuri, baada ya mume wa Rael kufariki na kuacha injini ingali ndani ya sanduku. Kila bolti aliiwekea bamba la chuma mwishoni, chini kabisa, ndipo akaizika. Ukikaza nati huku juu, bamba kule chini hung'ang'ania zege lote, na injini haiendi popote. Misingi yake mingine ilikuwa imetulia. Huu tu ndio uliomwumbua, na kila mara siku ya Ijumaa.

Kondakta wa basi la Oyugis ndiye aliyekuwa akimletea habari kule Migori alikoishi, kwenye chumba cha kupanga ambacho, tangu mkewe afe, hata panya walikihama. Kila mara Kerosi alifika jua likiinama, akakaza nati, na Sabato ikaingia. Wote wawili walikuwa Waadventista, na siku hiyo hakuna kazi wala safari. Basi alilala kwa mzee wa kanisa, na kesho yake baada ya ibada Rael alileta samaki aliowapika tangu Ijumaa. Walikula wakizungumza habari za marehemu wao, hata kucheka kidogo.

Lakini maneno yalikuwa yameanza kuzunguka. Juma lile Mirumbe wa Kehancha, aliyetaka kujengewa msingi wa mashine yake, alimtazama juu mpaka chini.

"Si wewe ndiye yule fundi misingi yake inalegea?"

Kazi akampa mwingine. Fundi akipoteza jina amebaki na nyundo tu.

Kwa hiyo Ijumaa hii Kerosi aliikaza nati kwa nguvu zake zote, kisha akaiponda ncha ya bolti kwa nyundo mpaka meno ya bolti hiyo yakafumbana.

"Sasa haitoki mpaka ikatwe na msumeno."

Nyuma ya Rael zana za marehemu zilining'inia ukutani, zote zimeshika kutu isipokuwa spana moja.

"Haitalegea tena?"

"Kamwe."

"Umefanya vizuri, fundi," akasema, akageuka haraka kwenda kuangalia sufuria. Kesho yake samaki waliliwa kimya.

Ijumaa zikapita. Jina la Kerosi likasafishika, na Mirumbe mwenyewe akaja kumtafuta. Ilimpasa kufurahi. Badala yake, kila Ijumaa alifagia kizingiti ambacho hakuna aliyekikanyaga, akasikiliza honi ya basi ikikaribia, ikipita, ikipotea. Chai yake ikapoa kikombeni.

Kisha Ijumaa moja basi likasimama. Kondakta akatoa kichwa dirishani.

"Kerosi! Yule mama wa posho mili anasema nati imelegea tena. Ile ya karibu na mlango!"

Kerosi aliingia ndani mbio, akauvuta mfuko wa zana kutoka chini ya kitanda. Akasimama nao katikati ya chumba, akiikumbuka ncha aliyoiponda na ile spana isiyo na kutu. Halafu akaurudisha pale pale ulipokuwa, akavaa koti lake la kanisani, akapanda basi mikono mitupu.